Bwana Waugh, Azania yetu na mji usiokuwako

Jina la Azania si geni kwa watu wa pwani. Yale maandiko ya kale ya baharia wa Kiyunani yaitwayo Periplus, ya karne ya kwanza baada ya Nabii Isa (a.s.), ndiyo yaliyoipa pwani yetu jina hilo, na watoto wetu hulikuta shuleni katika somo la historia. Lakini iko Azania ya pili ambayo shuleni haisomwi. Hiyo ni kisiwa, kiko upande wa mashariki wa Afrika, kina bandari iitwayo Matodi, na katika bandari hiyo imo ngome ya Wareno iliyopata kuzingirwa na Waarabu wa Omani. Mtu wa Mombasa akisikia hayo atadhani anasimuliwa habari za Fort Jesus na vita vile vya mwaka 1696 hadi 1698, wala hatakuwa mbali na kweli. Walakini ramani yo yote atakayoifunua, kisiwa hicho hatakiona. Kilizuliwa mwaka 1932 kichwani mwa Mwingereza mmoja, naye alikizua baada ya kukaa kwetu siku chache tu, akitokwa na jasho.

Mwingereza huyo ni Evelyn Waugh, jina ambalo wenyewe hulitamka kama Ivlin Woo, mtunzi wa riwaya za kejeli ambaye kwao anahesabiwa katika mabingwa wa karne nzima. Alipita Unguja na Pemba, akashuka Mombasa, akapanda gari la moshi kwenda bara, na aliyoyaona akayageuza vichekesho. Watu wetu aliwadharau, na hilo sitalificha. Lakini kejeli yake iliyodumu kuliko zote aliwamiminia waandishi wa magazeti waliokuja Afrika kuandika habari zake. Katika ofisi za magazeti ya Kiingereza, majina ya watu wa riwaya yake iitwayo Scoop hutajwa hadi leo kama sisi tumtajavyo Abunuwasi: mtu hangoji kuelezwa, hucheka.

Alizaliwa London tarehe 28 Oktoba, 1903. Baba yake, Arthur Waugh, alikuwa msimamizi wa kampuni ya Chapman & Hall, ile ile iliyokuwa ikichapisha vitabu vya Charles Dickens, na kaka yake Alec naye alikuwa mtunzi. Kwa hiyo kijana alikulia katika harufu ya wino. Alikwenda Chuo Kikuu cha Oxford kusoma historia, lakini alisoma zaidi mambo ya starehe, akatoka na daraja ya tatu na madeni. Akajaribu uchoraji, akajaribu useremala, akafundisha katika shule ya wavulana huko Wales. Mwaka 1925, kwa masimulizi yake mwenyewe, alikata tamaa ya dunia hata usiku mmoja akavua nguo ufukoni, akaingia baharini akiwa na nia ya kutorudi. Hakufika mbali. Alichomwa na konyeza, uchungu ukamrudisha akili, akageuka akaogelea nchi kavu. Sisi wa pwani tunaojua mwasho wa konyeza hatutaona ajabu.

Mwaka 1927 alipata kazi katika gazeti la Daily Express, akadumu majuma machache, akaondolewa. Nadhani hakuna gazeti lililopata kumfukuza ripota kwa hasara kubwa zaidi, maana mwaka uliofuata alitoa riwaya yake ya kwanza, Decline and Fall, na London nzima ikacheka. Mwaka huo huo alioa mwanamke ambaye naye jina lake lilikuwa Evelyn, hata marafiki wakalazimika kuwatofautisha kwa kutaja Evelyn mume na Evelyn mke. Ndoa haikutimiza miaka miwili. Mke alipenda mtu mwingine, na mume akabaki na jeraha ambalo wanaomjua wanasema halikupona kamwe. Tangu hapo kicheko chake kikawa na ncha. Mwezi wa Septemba 1930 aliingia dini ya Kikatoliki, akashikamana nayo mpaka kufa. Mwezi uliofuata akasafiri kwenda Afrika.

Alikuja kuandikia magazeti habari za kutawazwa kwa Ras Tafari kuwa Haile Selassie, Mfalme wa Wafalme wa Ethiopia, sherehe iliyofanyika Addis Ababa tarehe 2 Novemba, 1930. Huko ndiko alikoiona kazi ya magazeti ikiwa uchi. Wako waandishi waliotunga habari za sherehe kabla haijafanyika, kwa sababu simu kutoka Addis Ababa zilichukua muda na magazeti ya London hayasubiri. Wakaeleza mavazi, nyimbo na machozi ya watu, na kumbe mambo yenyewe yalikwenda kwa namna nyingine kabisa. Msomaji wa Uingereza aliyekunywa chai yake asubuhi akisoma habari hizo alikuwa akisoma ndoto ya mtu aliyeketi hotelini.

Baada ya sherehe alikwenda Harar, mji ule wa Kiislamu wenye ukuta na misikiti mingi, akateremka Aden, na kutoka Aden akaja Unguja kwa meli. Ilikuwa Desemba, na kila mtu anajua Unguja ilivyo wakati wa kaskazi. Joto lilimwelemea, akaandika juu ya joto kuliko alivyoandika juu ya Unguja. Waarabu aliwasifu kwa ustaarabu wao wa kale, Wahindi akawatolea maneno machafu, na Mwafrika kwake alikuwa kitu cha kuchekesha kuliko mtu wa kuulizwa neno. Kuhusu Pemba alipendezwa na jambo moja tu, uchawi, akasimulia kwamba waganga wa nchi za mbali huja Pemba kuhitimu. Wapemba wameizoea habari hiyo. Kila mgeni aingiaye kisiwani mwao na daftari huona karafuu elfu na msikiti kila mtaa, kisha akienda kwao huandika wachawi.

Mwisho wa mwaka 1930 akafika Mombasa. Maofisa wa uhamiaji, Waingereza wenzake, walimsumbua kwa maswali, naye akawalipiza kitabuni bila huruma. Nakiri hapo nilicheka. Kisha akapanda gari la moshi la Nairobi. Reli ile hukata nchi ya Wakamba tangu Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali hadi Sultan Hamud, stesheni yenye jina la Sayyid Hamoud bin Mohammed wa Unguja. Bwana Waugh alikuwa na hamu ya nyanda za juu, kwa walowezi wa Kizungu, ambao aliwapenda akawatetea. Akaendelea Uganda na Kongo, akashuka hadi Cape Town, akarudi kwao. Kitabu cha safari hiyo, Remote People, kilitoka mwaka 1931, na mwaka uliofuata ndipo alipoizua Azania yake katika riwaya ya Black Mischief. Mfalme wake ni kijana mweusi aliyesoma Oxford ambaye anataka kuigeuza nchi ya kisasa kwa siku moja, na kila la kisasa analoagiza linaharibika mkononi mwake. Riwaya inachekesha. Pia inauma, maana mwisho wake anawafanya watu wa bara wala watu, uzushi ule ule wa zamani. Nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekifunga kitabu nikiwa na hasira na huku nikitabasamu.

Mwaka 1935 Mussolini alijitayarisha kuishambulia Ethiopia, na magazeti ya ulimwengu yakaminya waandishi wao kwenda Addis Ababa kabla vita havijaanza. Gazeti la Daily Mail, ambalo liliwapendelea Wataliani, likampeleka Waugh. Hapo ndipo kisa kilipokolea. Ndani ya meli alisafiri pamoja na Mwingereza aitwaye Rickett, mtu mwenye shughuli za siri. Waugh alihisi kwamba bwana huyo ana jambo, asilifuatilie. Wakati yeye amekwenda Harar na Jijiga kufuata habari ya Mfaransa aliyekamatwa kwa ujasusi, Rickett alitia saini na Mfalme mkataba wa kuchimba mafuta katika karibu nusu ya Ethiopia, na habari hiyo kubwa kuliko zote za mwaka ikachukuliwa na mzee Percival Phillips wa Daily Telegraph. Waugh aliporudi mjini, alikuta simu za hasira kutoka London.

Kwa miezi waandishi walijazana hotelini, serikali haikuwaruhusu kwenda mahali pa vita, na kila siku walitakiwa kupeleka habari za vita. Basi wakapeleka. Wataliani walivuka mpaka tarehe 3 Oktoba. Kabla ya mwaka kwisha Waugh na gazeti lake walikuwa wameachana.

Lazima niseme wazi alisimama upande gani. Wakati Wataliani wanatumia gesi ya sumu juu ya watu wasio na viatu, Waugh aliwatakia Wataliani ushindi, na mwaka 1936 akarudi akatoa kitabu kinachosifu barabara zao. Ucha Mungu wake haukumsaidia kuona. Haile Selassie alirudi katika kiti chake mwaka 1941, barabara zikabaki, na kitabu hicho leo husomwa na wale wanaotafuta makosa yake.

Lakini kutoka katika fedheha hiyo akatoa Scoop, mwaka 1938. Neno hilo katika lugha ya magazeti ni habari kubwa anayoipata ripota mmoja kabla ya wenzake, yaani kile hasa alichokikosa yeye. Kisa chake ni hiki. Tajiri mwenye gazeti la Daily Beast, Lord Copper, anaamuru mtunzi maarufu aitwaye Boot apelekwe kwenye vita vya nchi ya Ishmaelia. Mhariri wa habari za nje, mtu mwoga ambaye hawezi kumwambia tajiri kwamba amekosea, anamchukua Boot mwingine, kijana wa shamba ambaye kazi yake ni kuandika makala fupi juu ya panya-buku na ndege wa vichakani. Kijana anauziwa mizigo ya kila namna, pamoja na vijiti vilivyopasuliwa ncha vya kubania barua za matarishi, kana kwamba Afrika haijasikia simu.

Inasemwa kwamba mizigo hiyo Waugh aliiona kwa macho. Ripota kijana wa gazeti jingine, Bill Deedes, wa umri wa miaka 22, alifika Ethiopia na shehena ambayo ingetosha msafara. Deedes huyo baadaye alikuwa waziri, akawa mhariri wa Daily Telegraph, akafa mwaka 2007 akiwa mzee wa miaka 94, na maisha yake yote watu walimwita Boot. Yeye alikuwa akikubali mizigo na kukana mengine.

Sehemu ya riwaya hiyo ninayoipenda ni ya mji wa Laku. Ramani zote za Ishmaelia zinauonyesha, kwa herufi nzuri. Serikali inayotaka kuwaondoa waandishi mjini inawapa ruhusa ya kwenda huko mbele kwenye vita, nao wanaondoka kwa malori, wakisukumana kwenye matope. Laku haipo. Hapo zamani Wazungu wapima mipaka walimwuliza mwenyeji jina la mahali, naye akajibu kwa lugha yake kwamba hajui. Wakaandika jibu lake katika ramani. Boot peke yake anabaki mjini, kwa uvivu na kwa mapenzi, na habari kubwa inamjia pale alipokaa. Yumo pia mwandishi mmoja Mmarekani mwenye sifa duniani, ambaye siku moja alipitiwa na usingizi katika gari la moshi, akaamkia mji mkuu wa nchi siyo. Badala ya kukiri akapiga simu ya mapinduzi, vizuizi barabarani na maiti mitaani. Magazeti mengine nayo yakapeleka watu, bei zikaanguka, jeshi likaitwa, na kabla ya juma kwisha nchi iliyokuwa imetulia ikawa na mapinduzi kweli.

Hayo ya Laku Waugh aliyaandika kama mzaha. Sisi tunaokaa Kenya tuyasome polepole. Jina la nchi yetu lilitoka Kitui. Mwaka 1849 mmisionari Krapf alitoka Rabai kwa miguu, akaenda Ukambani kwa Kivoi, yule tajiri wa misafara ya pembe ambaye Mombasa nzima ilimjua. Tarehe 3 Desemba akiwa huko Kitui aliuona kwa mbali mlima wenye weupe kileleni. Wakamba wakamtajia jina lake kwa matamshi yao, kama Kiinyaa, na yeye akaliandika kama sikio lake la Kijerumani lilivyolipokea. Sikio lile likawa ramani, ramani ikawa koloni, na koloni ikawa taifa. Na kwa miaka mingi mabwana wa Ulaya walimcheka Krapf, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Krapf aliona kweli, alikosea herufi tu. Kivoi aliyemwonyesha njia aliuawa mwaka 1851 karibu na Mto Tana, safarini na Krapf huyo huyo.

Tofauti ya Krapf na waandishi wa Laku ni kwamba yeye alikwenda, akauliza, akakaa kwa mwenyeji. Miaka zaidi ya themanini ilipita tangu Waugh aliposhuka Mombasa, na mwezi wa Machi 2013 waandishi wa nje walifika Kenya kwa wingi kungoja umwagaji wa damu wa uchaguzi kama ule wa miaka 2007 na 2008. Damu walioingoja haikumwagika, na wengine wao wakaonekana kama watu walioletewa bidhaa siyo. Mwezi wa Julai 2015, siku chache kabla ya Rais Obama kuzuru Nairobi, kituo cha televisheni cha CNN kiliitaja nchi hii kama kitovu cha ugaidi. Wakenya wakakifanyia mzaha mtandaoni usiku na mchana, hata mwezi wa Agosti mkubwa mmoja wa kituo hicho akapanda ndege kutoka Marekani kuja kuomba radhi. Waugh hakuwahi kuona hilo, mwenyeji wa Ishmaelia kumjibu Lord Copper kwa kejeli na kushinda. Binyavanga Wainaina alikuwa amekwisha kuifungua njia hiyo mwaka 2005 kwa makala yake katika jarida la Granta, akiwafundisha Wazungu kwa dhihaka namna ya kuiandika Afrika vibaya. Na kabla yake marehemu Wahome Mutahi, aliyefungwa mwaka 1986 na kufariki mwaka 2003, aliwachekesha Wakenya kila Jumapili kwa safu yake ya Whispers, wakicheka wakubwa na wakijicheka wenyewe. Silaha ya Bwana Waugh sasa iko mikononi mwa wale aliowacheka.

Na huko kwao kicheko kimezunguka hata kikawaingia wenyewe. Mwaka 2008 mhariri Tina Brown alianzisha gazeti la mtandaoni huko Marekani, akaliita The Daily Beast, jina lile lile ambalo Waugh alilizua kama tusi kwa magazeti.

Maisha yake ya baadaye nitayapita upesi. Alioa tena mwaka 1937, akapata watoto saba, mmoja akafa mchanga. Katika Vita Kuu ya Pili alipigana Krete na akapelekwa Yugoslavia. Mwaka 1945 alitoa Brideshead Revisited, kitabu kilichomtajirisha, na mwaka 1957 akasimulia bila aibu, katika riwaya ya Pinfold, jinsi dawa za usingizi na ulevi vilivyomfanya asikie sauti za watu wasiokuwapo. Alizidi kuwa mzee wa kununa, akinyanyua pembe ya kusikilizia sikioni pale tu alipotaka kumwudhi mgeni wake. Mwaka 1959 alikuja tena Afrika Mashariki, akapita Mombasa na Tanganyika, akatazama magofu ya Kilwa. Kitabu alichokiandika baada ya safari hiyo ni kipole kuliko kile cha kwanza. Mtu aliyekwisha choka huona zaidi. Alifariki nyumbani kwake Combe Florey, Somerset, tarehe 10 Aprili, 1966, siku ya Pasaka, baada ya kutoka kusali.

Alipanda gari la moshi la Mombasa mara ile akiwa kijana wa miaka 27, na kama angeshuka Emali na kuuliza njia ya milimani angeweza kufika Kalamba, huko Makueni. Waandishi wa magazeti makubwa hawashuki. Ukambani wanaufahamu mvua inapokosekana, nao huja na gari, hupiga picha ng'ombe mwembamba na mama mwenye ndoo, wakaondoka kabla ya magharibi. Wenyewe wana desturi nyingine. Kila njaa iliyowapata wameipa jina, na jina ndilo habari nzima. Njaa moja ya miaka ya mwanzo ya 1980 waliiita Nikw'a Ngwete, maana yake ninakufa nimeshika: pesa zilikuwamo mkononi, na madukani hapakuwa na chakula cha kununua. Kujua hilo hakuhitaji malori wala vijiti vya kubania barua. Yatosha kukaa jamvini na mzee mmoja wa Kalamba, kumwuliza, na kungoja amalize kusema.